Nani Apunguziwe Madaraka?

Karibu kila Novemba, watu ambao kazi yao ni kuifikiria biashara hukutana Vienna, mji mkuu wa Austria, kujadili namna kampuni zinavyopaswa kuongozwa. Huja maprofesa wa vyuo vikubwa vya biashara, wakurugenzi wakuu, wahariri wa majarida ya menejimenti, washauri wa bei ghali, na vijana waliofanya vizuri katika shindano la insha. Kongamano lenyewe linaitwa Global Peter Drucker Forum. Lilianza mwaka 2009, miaka 100 baada ya Peter Drucker, mwandishi mashuhuri wa menejimenti, kuzaliwa katika mji huohuo, na mwanzilishi wake ni Richard Straub, Mwaustria aliyeitumikia IBM kwa miaka mingi. Mara kadhaa limefanyika Hofburg, kasri la ukoo wa kifalme wa Habsburg.

Mada zake zinapendeza. Mwaka 2015 ilikuwa kuurejesha utu katika zama za kidijitali. Mwaka 2017, ukuaji wa uchumi na ustawi unaomfikia kila mtu. Mwaka 2020, korona ilipowalazimisha wakutane kwa njia ya mtandao, walizungumzia uongozi unaopatikana kila mahali, si kwa wakubwa peke yao. Mwaka 2024 wakajadili kazi ya maarifa inakoelekea. Ukizisoma kwa mfululizo unaona zinaelekea upande mmoja: aliye chini aaminiwe zaidi, afikiri, aamue. Ni nani asiyetaka hayo? Ila aliye chini hawezi kuongezewa uamuzi bila aliye juu kupunguziwa, na sehemu hiyo ya hesabu ndiyo ninayoitafuta kila ninapokutana na wazo jipya la uongozi. Mara nyingi siioni. Tena sishangai, kwa sababu wanaolipa kiingilio cha makongamano ya aina hii ndio wangekuwa wa kwanza kupunguziwa.

Drucker mwenyewe alikuwa na sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wengi wanaomnukuu. Alikuwa Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka. Akakimbilia London, kisha mwaka 1937 akahamia Marekani. Machi 1938, Hitler alihutubia umati wa Vienna kutoka kwenye roshani ya kasri hilohilo la Hofburg ambamo leo watu hujadili utu kazini. Kitabu cha kwanza kikubwa cha Drucker, The End of Economic Man cha mwaka 1939, kilieleza jinsi watu waliokata tamaa na taasisi zao walivyojitupa mikononi mwa madikteta. Kwake menejimenti ilikuwa kinga. Jamii ambayo kampuni zake, hospitali zake na ofisi zake zinafanya kazi, na ambamo mtu wa kawaida ana hadhi na sauti, haina haja ya mkombozi wa kupiga kelele kutoka roshanini. Siku hizi amegeuzwa kuwa mwalimu wa malengo na mikakati, na yule mkimbizi amesahauliwa.

Mwaka 1943 General Motors ilimkaribisha aichunguze kutoka ndani. Alizunguka humo kwa kama mwaka mmoja na nusu, na mwaka 1946 akatoa Concept of the Corporation. Kitabu kilipata sifa kwa kueleza jinsi kampuni kubwa inavyoweza kuviachia vitengo vyake vijiendeshe, na kampuni nyingi ziliiga. Sehemu iliyogusa sakafu ya kiwanda haikuigwa. Drucker alitaka wafanyakazi wawe jumuiya inayojitawala, na katika maandishi yake ya miaka iliyofuata aliendelea kufafanua kwamba mambo kama ratiba za zamu, usalama na kantini yangeweza kuwa mikononi mwao wenyewe. Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors, alikifanya kitabu hicho kama hakijaandikwa. Chama cha wafanyakazi wa magari nacho hakikulitaka pendekezo lile, kwa sababu kiliamini kusimamia ni kazi ya mameneja na kudai ni kazi ya chama. Wakubwa wa pande zote mbili wakakubaliana, kwa mara moja, kwamba mambo yabaki yalivyo. Hadi uzeeni Drucker alilihesabu wazo lile miongoni mwa mawazo yake makubwa kuliko yote.

Wala hakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1920 mwandishi Mary Parker Follett wa Boston alikwisha kutofautisha mamlaka ya kumkalia mtu na mamlaka ya kufanya jambo pamoja naye. Kwa hiyo mtu anaposema uongozi shirikishi ni wazo jipya, tukumbuke kwamba lina umri wa karne nzima. Swali lenye faida ni jingine: kwa miaka yote hiyo, limewezekana wapi, na kwa nini huko?

Mfano ninaoupenda uko Fremont, California. General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari pale kilichojulikana kwa ubovu: kuna siku mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuonekana kazini, migomo haikwisha, na magari yalitoka na kasoro za makusudi. Mwaka 1982 kikafungwa. Miaka miwili baadaye kikafunguliwa kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na sehemu kubwa ya walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile. Toyota ilileta utaratibu wake, na ndani yake kulikuwa na kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro aliruhusiwa kuivuta, na tatizo lisipotatuliwa papo hapo mstari mzima wa uzalishaji ulisimama. Katika kiwanda cha zamani kusimamisha mstari lilikuwa kosa la kukufukuzisha kazi. Sasa mtu wa ngazi ya chini kabisa alikuwa na uwezo wa kuigharimu kampuni fedha kila dakika, na kiongozi wake alitakiwa kuja mbio kumsaidia. Kwa muda mfupi magari ya Fremont yakakaribia ubora wa yale ya Japani.

General Motors sasa ilikuwa na dawa ndani ya nyumba yake. Mameneja walitumwa Fremont wakajifunze, wakarudi kwenye viwanda vyao, na huko wengi hawakufika mbali. Kamba ingeweza kufungwa popote; ni waya na taa tu. Kilichowashinda ni kwamba meneja aliyelipwa kwa idadi ya magari yaliyotoka hakuwa tayari kumwachia fundi aamue lini yasitoke. Ilichukua miaka mingi mafunzo yale kuenea, na mwaka 2009 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Kwa nini Fremont iliwezekana na kwingine ikashindikana? Jibu langu ni kwamba Fremont ilikuwa imekufa. Hapakuwa na ufalme wa mtu wa kulindwa.

Haier ya China nayo ilianzia kaburini. Zhang Ruimin alipopelekwa kukiongoza kiwanda cha majokofu cha Qingdao mwaka 1984, kilikuwa kimezama kwenye madeni. Mwaka uliofuata aligundua majokofu 76 yenye kasoro, akayapanga hadharani na kuagiza wafanyakazi wayavunje kwa nyundo, katika nchi ambayo jokofu moja lilikuwa mali ya kujivunia. Kisa hicho kimesimuliwa mno. La kuvutia zaidi lilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 2005 alianza kuipasua kampuni iliyokwisha kuwa kubwa, ikawa maelfu ya kampuni ndogondogo za watu wachache, kila moja ikitafuta wateja wake, ikiajiri, ikigawana ilichopata. Ngazi ya mameneja wa kati, watu zaidi ya 10,000, iliondolewa. Wakaambiwa waanzishe kampuni zao ndogo humo ndani au waondoke. Gary Hamel na Michele Zanini, ambao ni wenyeji wa mijadala ya Vienna, waliifanya Haier kuwa moja ya vielelezo vikuu vya kitabu chao Humanocracy cha mwaka 2020.

Naikubali Haier nusu. Ni kweli pale kuna watu waliopoteza madaraka, tena wengi. Lakini tazama waliopoteza ni akina nani: ni wale wa katikati. Zhang mwenyewe alikaa kwenye usukani kutoka mwaka 1984 hadi 2021, na ni kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia ndiyo maana alipasua kampuni alivyotaka. Hali ya wale walio chini pia ina pande mbili. Uhuru wa kuamua umekuja pamoja na hatari ya soko: kampuni yao ndogo ikikosa wateja, mzigo ni wao. Hamel na wenzake husifu upande wa kwanza kwa kirefu na kuupitia wa pili haraka.

Uholanzi nako kuna Buurtzorg, shirika la wauguzi wanaowahudumia wagonjwa na wazee majumbani. Kabla yake, huduma hiyo ilikuwa imekatwakatwa kama bidhaa: kumwogesha mgonjwa dakika kadhaa, kumfunga kidonda dakika kadhaa, sindano dakika zake, na kwa kila aina ya kazi akatumwa mtu wa cheo chake. Mzee mmoja angeweza kuingiliwa nyumbani na watu wengi tofauti katika wiki. Jos de Blok, muuguzi aliyewahi kuwa mkurugenzi katika mfumo huo na kuchoshwa nao, alianza upya mwaka 2006 na timu moja ya wauguzi wanne. Kanuni zilikuwa chache. Timu isizidi watu 12. Isiwe na meneja. Wauguzi wenyewe wapange zamu, waajiri wenzao, watafute ofisi ya kupanga mtaani, na wamfahamu daktari na majirani wa kila mgonjwa. Shirika likakua hadi kuwa na wauguzi wapatao 10,000, huku makao makuu yakiwa na watu kama 50 tu, pamoja na washauri wachache wanaoitwa timu ikigombana au ikikwama. Ripoti ya Ernst & Young ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba wagonjwa wa Buurtzorg walitumia saa chache za huduma kuliko wa mashirika mengine. Muuguzi anayemjua mgonjwa wake humfundisha kujihudumia. Anayelipwa kwa dakika hana sababu ya kufanya hivyo.

Nchi nyingine zimejaribu kuiga, Uingereza ikiwemo, na njia imekuwa na mawe. Waigaji huchukua timu ya watu 12 na kuiweka ndani ya shirika ambalo bado lina mkuu wa kitengo, mkuu wa mkuu wa kitengo, na fomu za kila mmoja wao. De Blok alifanikiwa kwa sababu hakuwa na bosi wa kumwondoa. Alianza na nyumba tupu.

Basi nikiiweka mifano hii pamoja naona kwamba madaraka hushuka chini kwa urahisi pale ambapo taasisi ni mpya na hakuna mtu aliyekwisha kuyazoea, au pale ambapo imefika ukingoni mwa kifo na walioyashika hawana tena cha kutetea. Taasisi zilizo hai na zinazopata faida, ambazo ndizo zinazojaza kumbi za makongamano, haziko katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Kwao imebaki njia ya tatu isiyotajwa sana na wataalamu wa uongozi, yaani sheria. Ujerumani ilipitisha mwaka 1976 sheria inayotaka kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 iwape wawakilishi wao nusu ya viti katika bodi ya usimamizi, ingawa kura ya mwenyekiti, anayetoka upande wa wenye hisa, huamua pale kura zinapolingana. Austria yenyewe, mwenyeji wa kongamano, huwapa theluthi moja. Waajiri wa Ujerumani waliipeleka sheria ile mahakamani, wakashindwa, na kampuni zao zikaendelea kuuza magari na mitambo duniani kote. Hakuna mtoa mada aliyewashawishi, walilazimishwa.

Linganisha na kilichotokea Marekani Agosti 2019. Business Roundtable, umoja wa wakuu wa kampuni kubwa, ulitoa tamko lililotiwa saini na wakurugenzi wakuu 181: kampuni zao hazitawatumikia wenye hisa peke yao, bali pia wafanyakazi, wateja, wauzaji na jamii zinazowazunguka. Magazeti yaliandika kwamba zama za Milton Friedman, mwanauchumi aliyeshikilia kwamba kazi ya kampuni ni kuwatafutia wenye hisa faida, zimekwisha. Lucian Bebchuk na Roberto Tallarita wa Harvard wakafanya jambo rahisi: waliziuliza kampuni hizo kama bodi zao zilipitisha tamko hilo kabla ya mkuu kutia saini. Kati ya 48 zilizojibu, ni moja tu iliyosema ndiyo. Bodi hukaa kujadili hata ununuzi wa jengo. Kama jambo linaloitwa mageuzi ya kusudi zima la kampuni halikupelekwa kwao, basi waliotia saini walijua kwamba hakuna kitakachobadilika. Drucker, tangu miaka ya 1980, alikuwa akipendekeza kipimo kikali zaidi na cha wazi zaidi: mshahara wa mkuu usizidi mara 20 ule wa mfanyakazi wa kawaida. Kwa hesabu za Economic Policy Institute ya Washington, mwaka 2023 katika kampuni kubwa za Marekani ulikuwa mara 290 hivi.

Sisi Watanzania tulilipitia swali hili mapema kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa waraka ulioagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Februari 1971 chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Kilichofuata hakikutarajiwa na walioiandika. Wafanyakazi wa Dar es Salaam waliichukua ibara ile kama ilivyo. Meneja aliyewatukana alisomewa Mwongozo, na migomo ikazuka kiwanda baada ya kiwanda, mara nyingi kwa sababu ya heshima zaidi kuliko mshahara. Mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walikitwaa kiwanda na kuendelea kuzalisha bila mwenyewe. Serikali ya chama kilekile kilichotoa Mwongozo ikapeleka polisi. Mwanazuoni Issa Shivji ameyaandika hayo kwa kina, na sijaona kitabu cha uongozi wa biashara, hata vile vinavyofundishwa kwetu, kinachoyachukua kama sehemu ya historia ya menejimenti. Kwa nini kamba ya Toyota iwe menejimenti na Mount Carmel iwe siasa tu? Katika vyote viwili, mtu wa chini alidai haki ya kusema kazi isimame au iendelee.

Miaka hiyohiyo serikali iliwaajiri McKinsey, washauri mashuhuri kutoka Marekani, kusaidia kupanga mfumo mpya wa utawala ulioanza Julai 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu. Ila halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa, na waliopokea madaraka mikoani walikuwa maofisa wa serikali kuu waliohamishwa kutoka Dar es Salaam. Halmashauri zilirudishwa miaka ya 1980, baada ya muda mrefu wa watu kuamuliwa mambo yao kwa lugha ya kushirikishwa. Nadhani hii ndiyo hatari kubwa ya mawazo mazuri ya uongozi, kubwa kuliko kupuuzwa kwake: hupokelewa kwa jina, na jina likishapokelewa, anayeuliza kuhusu kitu chenyewe huonekana mkorofi.

Mabaraza ya wafanyakazi yapo hadi leo katika taasisi zetu za umma. Aliyewahi kuhudhuria anajua: mgeni rasmi, hotuba ya ufunguzi, bajeti iliyokwisha kuandaliwa, michango ya wajumbe, picha ya pamoja, posho. Mwenyekiti wa kikao ni mkuu wa taasisi mwenyewe. Sisemi vikao hivyo havina maana. Nimesikia vikiokoa malimbikizo ya watu na kufichua manunuzi ya ajabu. Lakini chombo kinachoongozwa na yule kinayetakiwa kumhoji kinafanana zaidi na kumbi za Hofburg kuliko na bodi ya Kijerumani.

Nairudia mada ile ya mwaka 2024, kazi ya maarifa, neno ambalo Drucker mwenyewe alilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa na maana ya watu wanaobeba nyenzo zao za kazi kichwani: mhandisi, daktari, mhasibu. Akili bandia imeongeza aina ambayo hakuiona. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi, walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Wengine katika mji huohuo walikuwa wakichuja picha na video za Facebook. Kazi yao ni ya kichwa kabisa, inataka lugha, utamaduni na uamuzi wa haraka, na inawaachia majeraha kichwani humohumo. Kwa kipimo cha Drucker ni wafanyakazi wa maarifa. Kwa kipimo cha malipo, dakika zinahesabiwa kama zilivyohesabiwa za wauguzi wa Uholanzi kabla ya Buurtzorg.

Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi na kupiga kura waunde chama chao. Wengine walikwisha kwenda mahakamani kupinga kuachishwa kazi. Meta, mmiliki wa Facebook, ilijitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaukataa utetezi huo. Miezi miwili baadaye wageni wakaketi Vienna kuijadili kazi ya maarifa. Ukiniuliza ni ukumbi upi kati ya hizo mbili uliowafanya wakurugenzi wa kampuni za teknolojia wakae na wanasheria wao usiku kucha kufikiria namna wanavyowaongoza watu, nitakuambia ni ule wa Nairobi.